Mwadhini wa Msikiti Uliokataa Kufuata Barabara

La aibu niliseme kwanza, nilitue, tuendelee. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya kamati nzima ya msikiti, wazee wa watu na kofia zao, nikatamka kwa sauti ya mtu mwenye vyeti: "Msikiti huu umepinda. Aliyeujenga alikuwa amelewa."

Nilisema hivyo. Msikiti. Amelewa. Na nilikuwa nimesimama kizingitini, mguu mmoja nje, mguu mmoja ndani, na buti lina tope.

Rafiki yangu Gwakisa, aliyekuwa ameshika ncha ya pili ya kamba ya kupimia, aliiachia taratibu, kama mtu anayetaka ieleweke kwamba yeye alikuwa anapita tu. Halafu nikasikia mtu anacheka kwenye kivuli cha ukuta. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akakaa chini. Huyo alikuwa Mwadhini.

Jina alikuwa nalo, sote tulilijua, lakini hakuna aliyelitumia. Waislamu wa mjini walimwita Mwadhini, sisi wa kanisani tulimwita Mwadhini, hata mbuzi wake wakipotea watu walisema mbuzi wa Mwadhini wameonekana njia ya Itungi. Sasa hayupo. Na mimi, niliyeishia darasa la sita mwezi wa tano kwa sababu nilitumwa nikaangalie ng'ombe wa mjomba nikaona ng'ombe wana akili kuliko hesabu, ndiye ninayemwandika. Mjue dunia imeishiwa watu.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, serikali ilipofungua biashara. Vitu tulivyokuwa tunavipangia foleni vilianza kumwagika vyenyewe. Kasumulu mpakani magari yalisimama mstari mrefu, na madukani Kyela ukiuliza bati unaulizwa unataka la rangi gani. Kila mtu alitaka kipya. Kamati ya msikiti nayo ikataka kipya. Mwenyekiti wao, mwenye duka la vitambaa, alikuwa ametundika kalenda yenye picha ya msikiti wa nchi za watu, minara minne, marumaru chini mpaka unaona sura yako. Akaniita dukani, akanionyesha kidole kwenye picha.

"Fundi, hiki unakiweza?"

Mimi kazi yangu kubwa mpaka siku hiyo ilikuwa ghala la mpunga na vyoo vya shule. Nikaisogelea kalenda, nikafumba jicho moja kama ninapima.

"Hiki? Mwenyekiti, kabla ya masika."

Ila kwanza, akasema, wazee wengine hawataki ule wa zamani uvunjwe. Anataka fundi aukague, aseme mbele ya watu kama unafaa au haufai. Nikikuta haufai, kazi ya mpya ni yangu. Mnaona wenyewe ukaguzi ulivyokuwa huru.

Tusimwonee Mwenyekiti. Msikiti ule ulikuwa mdogo. Ijumaa watu walijaa ndani, wakajaa barazani, waliobaki wakasujudu kwenye jua, na mvua ikija wakasujudu kwenye mvua. Hoja yake ilikuwa ya kweli. Mimi ndiye niliyeongezea ulevi.

Nilichofanya ni kile kila fundi wa kwetu anachofanya: nikafunga kamba kwenye ukingo wa barabara, nikaivuta mpaka msikitini. Kwetu nyumba inafuata barabara. Nyumba isiyofuata barabara imepinda, basi. Na msikiti ule ulikaa mshazari kabisa, kona yake moja imeelekea njia kama mtu aliyegeuza bega hataki kusalimiwa.

Mwadhini alipomaliza kukohoa aliinuka, akaja, akanishika mkono.

"Vua buti, Bwana Kamba," akasema. "Njoo nikuonyeshe huyo mlevi."

Kuanzia siku hiyo mpaka anaingia kaburini hakuniita jina lingine.

Alikuwa mwembamba, mrefu, na akitembea kando ya ukuta wa msikiti alikuwa anapitisha kiganja ukutani, kila siku, usawa ule ule. Chokaa pale ilikuwa imelika, kuna mstari laini kuzunguka jengo lote kama mkanda kiunoni. Wengine walisema ni macho, anapapasa. Macho yake wakati huo yalikuwa mazima, alikuwa anaona mbuzi wake toka ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Nilimwuliza siku moja kwa nini anafanya vile.

"Wewe mkeo ukipita karibu yake humgusi?"

"Namgusa."

"Basi."

Kinyakyusa alikiongea kama kwamba alizaliwa Mwaya, na Kiswahili alikiongea kama kwamba alizaliwa mwambao, na hakuna aliyejua alizaliwa wapi. Ukimuuliza msikiti ulijengwa na nani alikuwa na hadithi tatu. Akiwa amefurahi, ulijengwa na mfanyabiashara wa pwani aliyekuja na nguo na shanga, akaugua huku, akaapa akipona hataondoka. Akiwa amekasirika, ulijengwa na askari mtoro. Na akiwa mgonjwa alisema, "Mimi sikuwepo. Kauulize ukuta, haujahama." Lini? Hapo alikuwa anarusha mkono nyuma ya bega, kama mtu anayemwaga maji. Kabla ya babu zenu, alisema, na hapo somo limeisha.

Alikuwa mkali kuhusu viatu kuliko askari wa mpakani. Mwaka mmoja mito ilitoka njia, ikaingia mpaka vyumbani, na jengo pekee lililobaki kavu upande ule lilikuwa msikiti, kwa sababu yule fundi wa zamani aliuweka juu ya msingi mrefu wa mawe ya ziwani, unafika kifuani. Watu wakakimbilia pale, Waislamu, Walutheri, Wamoraviani, bata, mama yangu na godoro lake. Mwadhini alisimama mlangoni anawapokea mmoja mmoja. "Karibu. Viatu nje."

Mama akamwita baba, kwa Kinyakyusa, "Tata, huko nje ni maji."

"Naona. Viatu nje."

Tukaviweka chini ya baraza, vikaelea, vikaenda zake. Na mtu huyo huyo mkali akamruhusu mbuzi mwenye mimba alale barazani siku nne, akamtandikia kanzu yake ya Idi.

Kipaza sauti hakukipenda. Wafanyabiashara walimnunulia, akakitazama, akasema ahsante, akakifunika kwa taulo. Yeye alikuwa na ngazi yake. Msikiti ule haukuwa na mnara, ulikuwa na vidato saba vya matofali nje ya ukuta, vinapanda mpaka usawa wa paa, na kila kidato kimelika katikati kama kijiko. Alipanda pale, akaweka viganja masikioni, akaita. Nawaambia, mimi ni mtu wa kanisani, naimba besi, lakini adhuhuri ile sauti ikipita juu ya migomba, wanawake waliokuwa wanapepeta mpunga walikuwa wanasimamisha ungo. Si kwamba wanasali. Wanasimama tu.

Na tukizungumzia besi: Jumapili mtu huyu alikuwa anakuja kukaa nje ya kanisa letu, kwenye gogo, anasikiliza kwaya mpaka mwisho. Haingii. Tukitoka anatusubiri.

"Sauti ya pili leo walikuwa vizuri," anasema. "Nyinyi besi mlikuwa mnasukuma gari bovu."

Sasa turudi siku ile. Nilivua buti. Kwanza akanipitisha kwenye birika la kutawadhia, akanionyesha jiwe jeusi la duara la kusugulia nyayo, katikati limezama bakuli kabisa. "Hilo lilikuwa limetuna," akasema. "Limelika kwa visigino vya watu." Nikaanza kupunguza sauti bila kuambiwa.

Ndani kulikuwa na ubaridi. Nje jua la Kyela lile linalokupiga mpaka masikio yanalia, ndani unatafuta shati la pili. Nikapima ukuta kwenye dirisha: mkono wangu wote uliingia, mpaka kwapa, ndipo vidole vikatokea nje. Madirisha yalikuwa membamba kwa nje, mapana kwa ndani, hivyo mwanga unaingia kidogo halafu unajifungua kama khanga. Matofali ya kuchoma, na lipu ya chokaa.

"Chokaa walipata wapi huku?" nikauliza. Saruji naijua, lakini chokaa ya zamani ile?

"Kwa konokono. Waliokota makombe ya konokono ziwani, wakayachoma. Sijui makombe mangapi. Nikiwaza nachoka."

Akanipeleka mbele, kwenye mihrabu, kile kishubaka anachosimama imamu akiwa ameelekea Makka. Juu yake kuna tao, na kwenye tao kumezamishwa mabakuli ya udongo, midomo nje, kumi na mawili, ila moja halikuwepo, kulibaki tundu. Akanieleza kwamba misikiti ya mwambao huweka mabakuli ya kauri yaliyotoka mbali ng'ambo. Yule fundi kauri yake ilivunjikia njiani, ilikuja vumbi. Basi akapanda mtumbwi akaenda Ikombe, akakaa na wanawake wafinyanzi wa Kikisi, akawaomba wamtengenezee mabakuli ya Mungu.

"Sogea," akaniambia. "Tazama ukingoni."

Nikasogea. Kwenye ukingo wa kila bakuli kulikuwa na alama ya kidole gumba. Kidole kidogo, cha mwanamke, kimebonyeza udongo ukiwa mbichi. Mistari ya ngozi bado inaonekana. Mama wa watu, hakuna anayejua jina lake, hajawahi kuruhusiwa labda hata kusimama pale mbele, na kidole chake kipo juu ya kichwa cha kila imamu aliyewahi kusalisha. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Kilikataa kutoka.

"Na hili lililopotea?"

Uso wake ukabadilika. "Nilikuwa nafukuza popo. Kwa ufagio."

Mtu aliyegombeza nusu ya wilaya kwa kuegemea ukuta! Nikacheka. Yeye hakucheka. Alisema alikwenda Ikombe mara nne kutafuta lingine, wafinyanzi wakamfinyangia mazuri kabisa, akayarudisha yote. Hayakuwa na kosa lolote. Alishindwa tu kuyapachika.

"Sasa ongea," akasema. "Taratibu. Usipige kelele za kwaya."

Nikanong'ona jina langu pale kwenye mihrabu. Sauti ikanitoka, ikapanda, ikazunguka nyuma yangu, ikanirudia begani kama mkono. Gwakisa, aliyekuwa bado mlangoni na kamba yake, akaitika, "Nini?" Alidhani nimesimama karibu naye.

"Mabakuli ndiyo yanayofanya hivyo," Mwadhini akasema. "Mlevi wako aliyapanga."

Halafu akanitoa nje, akanisimamisha kwenye mstari wa ukuta. "Rungwe ile, iache kushoto. Milima ya Livingstone ile, iache kulia. Pua yako iko wapi?"

"Katikati."

"Huko ndiko Makka. Barabara imekuja juzi, na trekta. Kwa nini msikiti uifuate?"

Sikumwamini kabisa. Mimi ni fundi, bwana, naamini chombo. Kesho yake nikaenda Itungi nikamwomba baharia mmoja wa meli aje na dira. Akaja, akaitua kizingitini, akazunguka nayo, akaandika vitu kwenye kiganja, akarudia. Akasema jengo limekaa pale pale linapotakiwa. Akauliza nani alipima. Nikamwambia mlevi fulani.

Lakini kilichonimaliza hakikuwa dira. Kilikuwa dari. Nilikuwa sijaangalia juu. Chini ya mabati, ambayo yaliwekwa baadaye, kulikuwa na dari ya mianzi iliyopasuliwa na kusukwa, na juu yake udongo umekandikwa. Ule msuko, mbili juu, moja chini, unapinda kwenye kona kama samaki, si wa pwani. Ni wa kwetu. Ndivyo ulivyokuwa ukuta wa nyumba ya bibi yangu. Mimi miaka yote najua ule ni msikiti wa watu wa pwani, sisi tunapita tu.

"Mlijenga ninyi," Mwadhini akasema. "Wewe ulifikiri fundi mmoja alikuja na mianzi mgongoni?"

Kamati ilipokutana tena nikasimama, buti mkononi safari hii.

"Wazee, naomba radhi. Kamba niliifunga barabarani. Barabara ndiyo ngeni. Na yule fundi nilimsingizia, marehemu wa watu."

Mwenyekiti akanitazama. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo usivunjwe."

"Fundi, unajua unachokikataa?" Akaonyesha kalenda. Kumbe alikuja nayo.

"Najua, Mwenyekiti. Ile minara minne nilikuwa hata sijui naanzia wapi."

Wazee wakacheka, yeye hakucheka. Akasema maneno ya haki: jengo linavuja, majamvi matatu ya dari upande wa mihrabu yameoza, udongo unawadondokea watu wakisujudu. "Tengenezeni. Masika yapite juu yake. Likivuja, tunavunja, na sitaki kusikia habari za mabakuli."

Mwadhini akanigeukia mbele ya wote. "Bwana Kamba atasuka."

Mimi kusuka mianzi sijui. Mimi ni mtu wa saruji. Nikaenda Matema kwa mjomba, yule wa ng'ombe, mzee wa kusuka. Alinitazama kwa huruma. "Umejengea watu vyoo wilaya nzima na hujui kusuka dari?" Nilikaa kwake wiki tatu. Nilijikata vidole vyote isipokuwa kile cha pete, mke wangu akasema afadhali. Majamvi mawili ya kwanza mjomba aliwapa kuku. La tatu alilipindua, akalipindua tena, akasema, "Hili watalalia mbwa." Ikawa maendeleo.

Wakati nasuka ndipo Mwadhini alipoanza kuzimika. Macho yaliingia ukungu, kifua kikabana. Vidato saba vikawa vingi, akapumzika cha tatu, baadaye cha pili. Nilipokuwa napachika majamvi juu, yeye alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, uso juu, haoni kitu, ananisimamia.

"Umefunga kona?"

"Nimefunga, tata."

"Unaongopa. Sijasikia kamba ikilia."

Na kweli nilikuwa sijafunga.

Masika yakaja kama yanavyokuja kwetu, si mvua, ni ziwa limeamua kusimama. Mwezi wa kwanza wa mvua sikulala vizuri. Kila asubuhi nilikuwa napita pale, natazama juu. Kavu. Mwezi wa pili, kavu. Siku kamati ilipokuja kukagua ilikuwa alasiri, na mawingu yakafunguka wakiwa ndio wanavua viatu. Mwenyekiti, wazee wawili, mimi, Gwakisa, na Mwadhini aliyeletwa kwa baiskeli, amefungwa blanketi.

Tuliingia. Sote tukatazama juu. Na hapo Mwenyekiti akainua kidole.

"Na lile?"

Kona ya kulia, kwenye jamvi langu mimi, kulikuwa na doa. La ukubwa wa sahani, jeusi jeusi. Tukalitazama. Tukasubiri lidondoke. Nje mvua ilikuwa inapiga mpaka ngazi haionekani. Madukani kwetu mvua ya namna ile ikipiga bati watu wanaongea kwa ishara, hata mtoto akilia huoni ila mdomo. Tukasimama pale tunasubiri tone, na ndipo nilipogundua kwamba namsikia Gwakisa anavyopumua.

Mwenyekiti naye aligundua. Nilimwona. Alishusha kidole. Akageuka huku na huku, kama mtu anayetafuta aliyezima mvua. Ile mianzi, na ule udongo juu yake, ulikuwa unaimeza sauti yote ya mvua. Ilibaki kama mchele unaomwagwa taratibu chumba cha pili.

Muda wa alasiri ulikuwa umefika. Umeme ulikuwa umekatika, kipaza sauti kisingefaa hata kingetolewa kwenye taulo. Ngazi ya nje ilikuwa maporomoko. Mwadhini akasema, "Nisimamisheni." Tukampeleka mbele, mimi kwapa hili, Gwakisa kwapa lile. Akapapasa, akapata ukingo wa mihrabu, akainua viganja masikioni.

Sauti alikuwa hana. Niseme ukweli, ilikuwa kikohozi chenye maneno. Lakini alipoielekeza kwenye yale mabakuli waliyoyafinyanga wale wanawake, yaliipokea. Sijui niseme vipi vingine. Ilitoka pale kubwa kuliko yeye. Ilikuja kwenye kuta, ikashuka kwenye dari ya bibi zangu, ikapita kifuani kwangu mimi Mmoraviani na besi yangu ya gari bovu, na nikaona nywele za mikono zimesimama. Mzee mmoja wa kamati alikuwa analia waziwazi. Nje, kwenye mvua ile, watu wakaanza kufika, wamejifunika majani ya migomba, wamesikia.

Tone halikudondoka. Doa lilibaki doa.

Walipomaliza kusali Mwenyekiti alibaki amekunja miguu, anatazama mkeka. Halafu akasema, kwa sauti ya chini kabisa ambayo sote tuliisikia, "Ule mwingine tutaujenga kule karibu na soko. Huu uacheni." Na ndivyo ilivyokuwa. Walimleta fundi toka Mbeya, mwenye vyeti. Minara ikatoka miwili.

Mimi niliinama kumwinua Mwadhini. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya mwisho kumshika akiwa na joto, ingawa sikujua. Nikamshukuru kwa lugha yetu, "Ndaga fijo, tata." Akanivuta sikio karibu na mdomo wake. Nikajua sasa naambiwa neno, nikajiandaa kabisa.

"Jamvi la kulia umelikaza mno, Bwana Kamba," akasema. "Linabana sauti."

Mvua ilipokatika Mwadhini alibaki na wazee, sisi tukatoka, mimi na Gwakisa, tunasukuma baiskeli kwenye tope. Tulifika mpaka karibu na mashine ya kukoboa. Ndipo Gwakisa akasimama, akanitazama usoni kwa wasiwasi.

"Kaka," akasema, "toka tumetoka mle ndani tumepishana na watu tisa hujamtania hata mmoja. Yule mama wa maandazi amenivuta pembeni, anauliza umefiwa na nani."